Sura ya Saba: Waya wa Ofisini

Mashahidi wanane walikuwa wamesema sentensi moja, na hilo ndilo lililomnyima raha Inspekta Shamila Hamduni. Katika miaka yake kumi na minne ya upelelezi hakuwahi kukuta watu wanane wanaokubaliana hata juu ya rangi ya mbuzi aliyeibwa, sembuse maneno ya mtu aliyekwisha kufa. Lakini hawa wote, kuanzia mchungaji hadi mama aliyepika msibani, walimnukuu marehemu Mzee Meshack Chidawali vilevile, bila kupunguza nukta: "Shamba langu la zabibu namwachia mwanangu Brighton, kwa moyo mkunjufu, alitunze kwa niaba ya ukoo."

Alilifunga jalada, akalibana kwapani, akashuka kwenye gari mbele ya nyumba ya bati jekundu nje kidogo ya Buigiri. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na upepo ulikuwa umeshaanza kazi yake ya kuhamisha vumbi la jirani mmoja kwenda kwa mwingine. Jumatatu mahakama ya mwanzo ingesikiliza shauri la mirathi. Kama hakuna kitakachobadilika, Brighton angepewa shamba, na dada yake Tereza angehamishwa.

Tereza ndiye aliyekwenda polisi. Alikuwa binti mkubwa wa marehemu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, asiyeona tangu surua ilipompata akiwa na miaka minne. Siku tatu baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao sebuleni, laptop ikaunganishwa na runinga, na watu wakatazama wosia ambao mzee aliurekodi mwezi mmoja kabla ya kufa. Kila mwenye macho aliuona. Tereza akaenda kituoni akasema wosia ule si wa baba yake, umeghushiwa. Askari aliyempokea aliandika maelezo yake kwa adabu, kisha pembeni akaongeza kwa penseli: "Ana uchungu wa msiba."

Inspekta Shamila aliyachukia sana maneno yale ya penseli. Watu wengi wenye uchungu wa msiba alioonana nao walikuwa na akili timamu kuliko wapelelezi wao.

Alimkuta Tereza shambani, anapogoa. Mkono wa kushoto ulitangulia juu ya tawi ukihesabu vifundo, wa kulia ukafuata na mkasi, na kipande kikaanguka. Hakuwa anakwenda polepole.

"Shikamoo dada," Shamila alisema.

"Marahaba. Angalia mguu, hapo mbele yako kuna kigingi."

Kweli kilikuwapo, kigingi cha mbao chenye rangi nyekundu kichwani, na kingine hatua chache mbele, na kingine. Tereza alieleza kwamba Brighton alileta wapimaji Jumanne. Tangu ofisi za serikali zihamie Dodoma, shamba lolote lililo karibu na barabara lilikuwa linatazamwa kwa jicho la viwanja, na hili la zabibu lilikuwa karibu kabisa. Alisema ametembea katika mistari hiyo tangu utoto bila fimbo, na juzi ameanguka kwa mara ya kwanza, amejikwaa kwenye kigingi, ndani ya shamba aliloshika kila mzabibu wake. Aliyasema hayo bila kulia, na Shamila akajikuta yeye ndiye anayetafuta leso.

"Siku ya kikao ulikaa wapi?" aliuliza.

"Mkekani, karibu kabisa na TV. Nilitaka kumsikia."

"Ukasikia nini?"

"Jenereta. Umeme ulikatika, wakaliweka chini ya dirisha. Na baba mdogo Yoramu, akitafsiri."

Kalamu ya Shamila ilisimama. Katika maelezo ya mashahidi wanane hapakuwa na mkalimani hata mmoja.

"Alikuwa anatafsiri nini?"

Tereza alishangaa swali lenyewe. Alisema baba yake alikuwa mtu wa Kigogo, na wakwe wa Brighton wametoka Mbeya, na mchungaji naye ni wa kuja. Mtu atasimamaje mbele ya watu mchanganyiko pasipo mkalimani? Kanisani ni hivyo, kwenye mkutano wa kijiji ni hivyo, harusini ni hivyo. Baba mdogo Yoramu, mdogo wa marehemu, ametafsiri kanisani zaidi ya miaka ishirini. Shamila akaelewa kwa nini hakuna aliyemtaja. Kwa watu hawa mkalimani alikuwa kama kiti, na shahidi haelezi polisi kwamba alikalia kiti.

"Na sauti ya baba yako?"

"Haikuwapo," Tereza alisema. "Wananiambia ni jenereta. Jenereta linafunika, afande, lakini lina kupanda na kushuka. Baba alikuwa na kikohozi, na kikohozi chake ningekisikia hata mbele ya mashine ya kusaga. Dakika kumi nzima hakukohoa."

Brighton aliwasubiri barazani. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, ofisa katika moja ya ofisi za serikali kule Mtumba, shati limenyooshwa na uso umechoka. Shamila alikuwa amejiandaa kumchukia, ila kijana alimharibia mpango. Alimkaribisha kiti kabla ya kukaa, akamwuliza dada yake kama amekunywa chai, kisha akasema kwamba yeye si adui wa mtu. Kwake Iyumbu ameshaandaa chumba cha Tereza chenye choo ndani, na godoro jipya. Huku shambani, peke yake, akiumwa usiku nani atajua?

"Umemwuliza kama anakitaka hicho chumba?"

Brighton alitazama mikono yake. "Baba alishasema, afande. Mimi natekeleza."

Akaomba ruhusa kwenda kumwita baba mdogo Yoramu, aliyekuwa na ufunguo. Baada ya kikao laptop ilifungiwa kwenye kabati la marehemu, na ufunguo ukakaa na Yoramu kama msemaji wa ukoo. Mzee alifika amevaa koti licha ya jua, mrefu, mwenye miaka kama sabini, sauti yake nzito na safi ya mtu aliyezoea kusikika hadi benchi la mwisho. Shamila alimpa shikamoo yake. Akaitikia vizuri, akafungua kabati, lakini alipoulizwa wosia ulisema nini aliirudia sentensi ileile na macho yake yakakimbilia dirishani. Shamila hakumfuatilia. Alitaka kwanza kuiona laptop.

Mwenye laptop alifika saa tano akitokea Kongwa, alikokuwa kwenye semina ya walimu tangu siku ya mazishi. Ndiye mwalimu Angelina, mpangaji wa Mzee Meshack, mwenyeji wa Rukwa. Alieleza kwamba mzee alimwomba mwenyewe amrekodi, akakaa kitini akaongea kama dakika kumi. Alisema nini? Mwalimu alicheka kwa aibu. Miaka mitatu amekaa Buigiri na Kigogo hakijui. Anachokumbuka ni kwamba mzee aliongea Kigogo mwanzo hadi mwisho, hakutia neno la Kiswahili hata moja, na mahali fulani alicheka, na mahali fulani akanyamaza akafuta macho.

Hapo mashahidi wanane walianguka wote kwa pamoja kichwani mwa Inspekta Shamila. Sentensi waliyoinukuu ilikuwa ya Kiswahili. Hawakumnukuu marehemu hata kidogo, walimnukuu Yoramu.

"Tufanye kama siku ile," alisema. "Runinga ileile, laptop ileile, waya uleule. Waya ni upi?"

Brighton aliutoa kwenye begi lake. Ulikuwa mweusi na mnene, vichwa vya buluu pande zote mbili, kila kichwa na skrubu zake mbili ndogo. Alisema ni wa chumba cha mikutano ofisini, kila Jumatatu yeye ndiye anayefunga projekta, na haujawahi kumwangusha. Akachomeka upande mmoja kwenye laptop na mwingine nyuma ya runinga, akakaza skrubu zote nne kwa vidole, kwa utaratibu, na picha ikaja papo hapo.

Mzee Meshack alitokea amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia ya sufu kichwani. Mdomo wake ulianza kwenda. Leo umeme ulikuwapo, jenereta halikuwapo, na ndani ya sebule ile ungeweza kusikia kuku akitembea barazani. Mzee aliongea, akainua kidole, akatabasamu, na hakuna kilichosikika. Brighton alibonyeza rimoti hadi namba ikafika mia moja. Kimya.

"Mmeanza?" Tereza aliuliza kutoka mkekani.

Brighton alikuwa amekodoa macho kwenye runinga. "Sauti imefutwa," alisema taratibu, na alipogeuka akakuta Inspekta anamtazama yeye.

Shamila alimshuku kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai, na hakuona haya. Aliyefaidika na kimya kile alikuwa mmoja tu. Lakini kushuku ni kazi nyepesi, kuhakikisha ndiyo inayolipiwa mshahara. Akamwomba mwalimu Angelina afungue taarifa za ile video. Ilirekodiwa tarehe tisa mwezi uliopita, saa kumi jioni, na tangu dakika hiyo haikuguswa na mtu. Kwa hiyo hakuna aliyefuta kitu. Sauti ama haikuingia kabisa, ama ilikuwa humo ndani na imekosa pa kutokea.

"Spika za laptop zenyewe?"

"Zilikufa," Angelina alisema. "Nilizimwagia chai mwaka jana. Mimi natumia hizi." Akatoa hedifoni kwenye pochi. "Unataka kusikiliza?"

Alitaka sana, lakini alikataa. Akisikiliza yeye peke yake, Jumatatu angekuwa shahidi wa tisa dhidi ya wanane, tena shahidi asiyejua Kigogo. Waliokosea kwa pamoja inabidi wasikie kwa pamoja. Akauchukua ule waya, akautia kwenye bahasha ya vielelezo, akaondoka nao kwenda Chamwino.

Fundi Fahadi alikuwa na kibanda karibu na stendi, redio na runinga zilizofumuliwa zimejaa hadi mlangoni. Ndiye pia aliyekodisha jenereta siku ya kikao. Inspekta alimwuliza kwa nini picha ije na sauti isije, na kabla hajamaliza kueleza fundi alikuwa ameshachungulia kwenye bahasha na kuanza kucheka.

"Huu ni wa picha tu, afande. Sauti haina njia humu."

"Mwenyewe anautumia ofisini kila wiki."

"Kwenye projekta, ndiyo. Pale bosi anasimama mbele anaongea mwenyewe. Nani atauliza sauti?"

Shamila aliliona jambo lote wakati huo, akiwa amesimama kati ya pasi mbovu na feni mbovu. Ofisini mtu husimama kando ya picha na kuisemea, na Brighton amezoea hivyo. Kanisani mtu husimama kando ya msemaji na kumsemea, na Buigiri nzima imezoea hivyo. Sebuleni siku ile picha ilikuwa na mdomo unaokwenda, kando yake amesimama mtu anayesema, na jenereta likaficha lililobaki. Kila mmoja alipata alichokizoea. Tereza peke yake hakuwa na picha ya kumdanganya.

"Mbona hukuwaambia?" alimwuliza fundi.

Fahadi alisema yeye aliitwa kwa ajili ya jenereta, akakaa nje na jenereta lake, na mambo ya sebuleni kwa watu hayakumhusu. Akafungua droo akatoa waya mwingine, mwembamba, vichwa vyake bapa kama ncha ya bisibisi pana, usio na skrubu. Huu wa HDMI, alisema, unabeba vyote viwili kwa mpigo. Alikataa kuukodisha, akautoa bure. Mzee Meshack alikuwa mteja wake wa betri za redio tangu enzi za baba yake Fahadi.

Saa tisa mchana mashahidi wanane walikuwa wamekaa walivyokaa siku ya kikao, kwa amri ya Inspekta, na wengine wakinong'ona kwamba polisi wa siku hizi hawana kazi. Shamila hakuingia. Alimwomba Yoramu watoke kidogo nyuma ya jiko.

"Mzee wangu, siku ile ulimsikia kaka yako?"

Yoramu alikaa kwenye kinu kilichoinamishwa. Alipojibu, ile sauti ya benchi la mwisho haikuwapo.

"Nilimwona mdomo unakwenda. Nikasogeza sikio, sikupata kitu. Watu wamekaa, wakwe wametoka mbali, mchungaji ananitazama nianze. Mwanangu, sijawahi kusimamisha ibada hata siku moja. Nikaanza."

"Maneno uliyatoa wapi?"

"Kwake. Aliniambia mwaka juzi akiwa mzima, shamba ni la Brighton. Nikasema, ndiyo hayo hayo anayosema." Alipangusa uso kwa kiganja. "Tereza alipobisha nilitaka kusema. Kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi. Halafu wakaleta karatasi ya mahudhurio, watu wakatia saini, kesho yake ikawa ndiyo karatasi ya ushahidi."

Shamila alimhurumia, na hakulificha. Alikuwa amekamata waongo wengi walioudanganya ulimwengu kwa faida yao. Huyu aliudanganya kwa sababu aliogopa kuwachelewesha wageni. Yoramu akamwuliza kama atafungwa. Alimjibu kwamba kughushi kunataka nia, na nia hiyo yeye haioni, lakini hilo litaamuliwa na wakubwa wake. Lisilo na mjadala ni kwamba Jumatatu atayasema haya yote mbele ya hakimu.

"Nitayasema."

"Na sasa hivi nahitaji mkalimani. Nimezaliwa Makole, mjini, Kigogo changu kinaishia kwenye salamu, mbukwenyi."

"Tafuta mwingine, mwanangu. Naomba."

"Ni wewe waliyekusikia, mzee. Wakusikie tena."

Waliingia. Inspekta aliuacha ule waya wenye vichwa vya buluu ndani ya bahasha, akachomeka mwembamba mwenyewe, upande huu na upande ule. Yoramu akasimama kando ya runinga, mahali palepale. Kabla Inspekta hajabonyeza, mzee aliwaambia watu kwa Kiswahili kwamba siku ile hakumsikia kaka yake, alisema ya kwake. Minong'ono ilikatika.

Kitu cha kwanza kutoka kwenye runinga kilikuwa kikohozi.

Tereza aliinuka kwa magoti. Mama mpishi akaanza kulia hapo hapo, maana wengi wao hawakutarajia kumsikia tena mtu yule, na sasa alikuwa sebuleni mwake anasafisha koo. Kisha akaanza kuongea, na waliojua Kigogo wakaanza kutazamana. Shamila alisubiri. Yoramu alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama asiyetaka kupoteza hata pumzi, na alipotafsiri alitafsiri kama anavyofanya kanisani, kwa nafsi ya mwenye kusema.

"Ndugu yangu Yoramu analijua neno la zamani," alisema. "Hili jipya sijamwambia. Nimeogopa atabishana na mimi." Huko kwenye runinga mzee alicheka. Yoramu hakucheka. "Shamba nampa Tereza. Lote. Asihamishwe, na lisikatwe."

Yoramu aliendelea, sentensi kwa sentensi, jasho linamtoka.

"Brighton mwanangu, usikasirike. Wewe nilikusomesha kwa zabibu hizi, hadi ukavaa tai. Aliyezipogoa miaka yote hiyo ni dada yako. Kumbuka hakuwahi kukudai."

Brighton aliinamisha kichwa hadi magotini. Mabega yake yalitikisika, na mkwewe wa Mbeya, mzee aliyekaa karibu naye, akamwekea mkono mgongoni. Shamila aliandika kila neno na hati yake ilikuwa mbaya kuliko siku zote.

Kwenye runinga mzee alinyamaza, akavua kofia, akafuta macho nayo. Alipoanza tena sauti yake ilishuka, na alikuwa anatamka neno moja moja.

"Mwalimu ameniambia wote mtaniona kwenye hii picha," Yoramu alitafsiri. "Nimemwambia yupo mmoja hataniona. Kwa hiyo sasa nasema polepole, haya ni yake."

Tereza alikuwa ameshafika kwenye runinga. Aliipapasa pembeni mpaka akapata mahali sauti inapotokea, akabandika kiganja hapo. Mzee aliongea naye kwa muda. Yoramu alijaribu kufuata akashindwa, akajaribu tena, na Inspekta akamwashiria kwa mkono aache. Mwisho mzee Meshack aliuliza jambo moja fupi na kusubiri, akitazama mbele, kama mtu anayejua atajibiwa.

"Anauliza," Yoramu alisema kwa shida, "Tereza, umenisikia?"

Tereza alijibu kwa Kigogo. Naye Yoramu, aliyetafsiri maneno ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, alimgeukia Inspekta na kalamu yake.

"Andika, mwanangu," alisema. "Anasema amesikia."